Motokaa Iliyotoka Dar es Salaam Ikavuka Kalahari

Mtu apitaye leo Kariakoo na Gerezani hukuta maduka ya spea yamepangana, na mafundi wamelala chini ya magari. Atakaye kusafiri nyikani hutafuta gari ambalo magurudumu yote manne huvuta, akapakia maji, hema na petroli, akaenda zake. Sisi twapenda kuwasimulia habari za motokaa iliyotoka katika mji huu huu zamani, kabla vitu hivyo havijapatikana, ikalala porini miezi mingi na kulivuka jangwa la Kalahari.

Mwenye safari alikuwa Paul Graetz, ofisa wa jeshi la Wadachi, naye alikwisha kutumika katika nchi hii. Motokaa yake iliundwa Gaggenau, Ujerumani, ikainuliwa juu isije ikakwama katika mawe na visiki. Lakini nguvu ya injini ilikwenda kwenye magurudumu ya nyuma tu. Gari la namna hiyo likiingia mchangani, kadiri dereva azidishavyo moto ndivyo magurudumu yachimbavyo shimo, hata tumbo la gari likakaa chini.

Aliondoka Dar es Salaam tarehe 10 Agosti 1907. Vita vya Maji Maji vilikuwa ndiyo kwanza vimekwisha. Reli ya kati ilikuwa imeanza kujengwa mwaka 1905, lakini haikufika Tabora ila mwaka 1912, na Kigoma mwaka 1914. Basi motokaa ilishika njia ya Morogoro na Mpwapwa, ikazunguka ncha ya kusini ya Ziwa Tanganyika, ikaingia Rhodesia ya Kaskazini, ndiyo Zambia ya leo, ikavuka mto Zambezi na kufika Johannesburg. Kutoka huko ikageuka magharibi kuingia Kalahari, katika nchi ya Bechuanaland ambayo sasa ni Botswana. Huko mchanga ni mwingi, na maji hupatikana mbali kwa mbali. Tarehe 1 Mei 1909 ikafika Swakopmund, pwani ya bahari ya Atlantiki. Graetz akahesabiwa kuwa mtu wa kwanza kuivuka Afrika kwa motokaa toka bahari hata bahari.

Sasa na tufanye hesabu kidogo. Safari ilichukua siku 630, na njia yake ilikuwa yapata kilomita 9,500. Ukigawanya utapata kilomita 15 kwa siku. Mnyamwezi mwenye mzigo kichwani, katika siku yake ya mwendo, aliweza kwenda zaidi ya hapo! Siku nyingi zilipotea kwa kungoja vyuma vipya vitoke Ulaya, na kwa kujenga madaraja ya magogo ambayo gari lilipita mara moja tu.

Tena petroli ilitoka wapi? Hapakuwa na mahali pa kuinunua porini. Ililazimu itangulizwe na kuwekwa akiba njiani, na katika nchi isiyo na reli maana yake ni vichwa vya wapagazi. Mzigo wa mpagazi ulikuwa yapata kilo 30. Ukitoa uzito wa chombo, hazifiki lita 40. Na gari lilipozama, watu na ng'ombe ndio waliolivuta kwa kamba. Twaona basi kwamba motokaa hii ilisafiri sana kwa miguu ya watu. Graetz alitunga kitabu cha safari yake mwaka 1910, na jina lake lajulikana. Majina ya wale wavuta kamba hayajulikani hivyo.

Wakati huo hapakuwa na Kariakoo. Ng'ambo ya Mnazi Mmoja palikuwa na minazi. Wadachi walianza kujenga soko huko karibu na mwaka 1914, vita vikawakatiza. Waingereza walipouchukua mji Septemba 1916, waliwapanga pale wapagazi wa jeshi, waliokusanywa kubeba vyakula na risasi, kwa kuwa motokaa za vita nazo zilizama katika matope ya masika. Kikosi chao kiliitwa kwa Kiingereza Carrier Corps, na ulimi wa mjini ukakifanya Kariakoo. Vifo vya wapagazi wa upande wa Waingereza vilivyoandikwa rasmi vyapita 40,000, wengi kwa maradhi na njaa.

Mwaka 1927 ilisimamishwa sanamu ya shaba katikati ya mji: askari mmoja na bunduki yake. Wapagazi wametajwa katika maandishi yaliyo chini yake. Lile jengo la soko lilifunguliwa kwa biashara mwaka 1923, na mahali pake pakajengwa soko jipya, kazi ya msanifu Beda Amuli, likafunguliwa mwaka 1975. Majengo yamebadilika, lakini mwenye kutaka spea ya gari la nyikani bado humwambia dereva wa daladala, "Nishushe Kariakoo."