Baiskeli mbili na matuta ya Mtae

Kilometa ya tisa kutoka Mombo mume wangu alishuka, akailaza baiskeli ukingoni mwa barabara, akakaa juu ya jiwe na kutangaza kwamba hapandi tena. Mimi nilikuwa nyuma yake mita kama mia mbili, nasukuma yangu kwa mikono miwili huku basi la Lushoto likinipita kwa honi na vicheko vya abiria. Nilipomfikia nilimkumbusha kwamba kati yetu wawili yeye ndiye Msambaa.

"Ndiyo maana najua," akasema. "Wasambaa huupanda mlima huu wakiwa ndani ya basi."

Ilikuwa siku ya tatu tangu tutoke Tanga mjini. Tulikuwa na baiskeli mbili za mtumba tulizonunua Dar es Salaam, mabegi juu ya keria, pampu, viraka na gundi, na mpango wa kufika Mtae, kwenye ncha ya kaskazini ya Usambara ya Magharibi, zaidi ya kilometa 200 kwa jumla. Sababu ya kwanza ya safari ilikuwa bibi yake, ambaye hakuweza kuja harusini na alikuwa ametuma salamu mara tatu kwamba anataka kumwona mke mwenzake kabla hajafa. Sababu ya pili ilikuwa yangu. Nasoma shahada ya uzamili ya historia, na tasnifu yangu inahusu Mpango wa Usambara, ule ambao serikali ya Waingereza iliutumia kuwalazimisha watu wa milima hii kulima matuta. Nilikuwa nimesoma mafaili kwa miezi mingi na sikuwahi kukanyaga hata shamba moja kati ya yale niliyoyaandika. Baiskeli lilikuwa wazo langu, na nilikumbushwa hivyo mara nyingi njiani.

Kutoka Tanga hadi Mombo mambo yalikuwa rahisi. Unapita mashamba ya mkonge, mistari iliyonyooka mpaka macho yanachoka, na ni vigumu kuamini kwamba yote hayo yalianza na miche 62 tu: ndiyo iliyobaki hai kati ya elfu moja ambayo Richard Hindorf aliagiza kutoka Florida mwaka 1893. Mwaka huohuo Wajerumani walianza kujenga reli kutoka Tanga. Ilifika Muheza 1896, kampuni ikaishiwa fedha, serikali ikaichukua 1899, ikafika Korogwe 1902 na Mombo 1905. Kilometa 129 kwa miaka 12. Sisi tulitumia siku mbili na pancha tatu, na jioni ya siku ya pili tulijisifu sana mbele ya sahani za chipsi mayai. Kesho yake ndipo ulipokuja mlima.

Nilikuwa nimezoea kuiwaza Usambara kama ramani. Kwenye ramani Mombo na Lushoto zimetengana kilometa 33, kidole kinapita mara moja. Kwenye baiskeli unapanda kama mita elfu moja, barabara imebanwa kati ya ukuta wa mwamba na korongo, na mto unanguruma chini usikouona. Ndipo nilipoelewa jambo ambalo vitabu viliniambia nikaliruka: katika milima hii, juu na chini ni siasa.

Tukiwa juu ya lile jiwe tulikuwa tunauona uwanda wote, na barabara kuu ikikata kuelekea Mazinde na Same. Mfalme Kimweri ye Nyumbai aliwatawala Wasambaa kutoka juu, Vugha, si mbali na Soni. Mmisionari Krapf, aliyetoka Mombasa kwa miguu mwaka 1848, alilazimika kupanda hadi kwake, hakuteremkiwa. Kimweri alipofariki 1862 mwanawe Semboja alikuwa na makao Mazinde, chini kabisa, kwenye njia ya misafara. Kule chini ndiko zilikopita bunduki na wafanyabiashara, na wafanyabiashara walitaka watu. Katika vita vya warithi vilivyofuata, watu wa mlimani walitekwa na kuteremshwa pwani kuuzwa. Habari za ukoo huo, tangu mwindaji Mbegha aliyewagawia watu nyama ya nguruwe wakampa utawala, ziliandikwa kwa Kiswahili na Abdallah bin Hemedi bin Ali Ajjemy katika Habari za Wakilindi, na nasikitika kila ninapokutana na mwanafunzi wa historia aliyeusoma ufalme huu kwa Kiingereza pekee. Nilikuwa mmoja wao hadi mwaka wa pili.

Nilimsimulia mume wangu haya yote pale juu ya jiwe. Alisikiliza kwa adabu, akamaliza maji yangu, akapanda baiskeli. Sijui ni Semboja aliyemwinua au ni aibu ya watoto watatu waliokuwa wamesimama kututazama.

Tulifika Lushoto magharibi, baridi imeshika. Wajerumani waliuita mji huu Wilhelmstal, kwa jina la Kaisari wao, na wilaya ya Wilhelmstal ndiyo iliyojulikana kwa kadi za kazi. Kila mwanamume alipewa kadi iliyomtaka amfanyie kazi mzungu siku 30 katika kila miezi minne. Asiyeijaza alipelekwa kazi za serikali, na barabara zilikuwa miongoni mwa kazi hizo. Nilikuwa na habari hizo kwenye madaftari yangu, sura ya kwanza, chini ya kichwa "Usuli". Zikumbuke, kwa maana mimi nilizisahau.

Usiku ule tuligombana. Alitaka tupandishe baiskeli juu ya basi la Mtae asubuhi. Nikasema hatukutoka Tanga kuja kupanda basi. Akasema, taratibu, kama mtu aliyekuwa ameiandaa sentensi hiyo tangu Soni: "Unaandika kitabu kizima kuhusu watu waliolazimishwa kuteseka mlimani, halafu unanilazimisha kuteseka mlimani." Sikuwa na jibu. Nilienda kulala nimenuna, na kwa kuwa kitanda kilikuwa kimoja na blanketi moja, kununa kwenyewe kulikuwa kwa shida.

Asubuhi tulipatana: mabegi yatangulie na basi, sisi tufuate na baiskeli tupu. Konda alipokea mabegi, akapigiwa simu mjomba wa Mtae aje kuyapokea, tukaondoka wepesi kama wanafunzi waliofukuzwa ada.

Msitu wa Magamba ni giza la kijani na ukungu, na kwa mara ya kwanza tuliendesha bega kwa bega bila kusema neno. Ukishapita msitu, nchi inafunguka: kabichi, karoti, viazi, hoho, kila kipande cha mteremko kimelimwa hadi mahali ambapo mbuzi angesita. Malori yalikuwa yanapakia kwa ajili ya masoko ya Dar es Salaam. Tulikuwa upande wa Shume, ambako Wajerumani walikata mitarakwa na kuiteremsha kwa waya, ikining'inia angani, hadi kwenye reli kule Mkumbara. Mume wangu, ambaye ni fundi umeme na hupenda mashine kuliko wafalme, alitaka kujua ile waya ilishikiliwa na nini. Tulibishana kuhusu uzito wa gogo kwa kilometa nzima, ugomvi wa jana ukaisha bila mtu kuomba radhi.

Mtae imekaa juu ya mgongo mwembamba wa mlima. Huku nyumba, kule nyumba, na ardhi imeporomoka pande zote mbili. Kaskazini unaona nyika ya Mkomazi hadi upeo. Bibi alikuwa amekaa mlangoni na mabegi yetu yakiwa pembeni yake, yamefunguliwa. Nguo zenye unyevu zilikuwa juani. Karatasi zangu zilikuwa mapajani mwake.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba. Huyu ndiye mke mwenzangu? Mbona mwembamba hivi, mume wangu humlishi?" Akacheka na mjukuu wake kwa Kisambaa, kisha akanigeukia. "Mtoto amenisomea maswali yako yote. Keti."

Karatasi hizo zilikuwa dodoso langu la usaili, kwa Kiswahili, maswali 24. Kitukuu wa darasa la sita alikuwa amemsomea mchana kutwa, na bibi alikuwa na neno. Swali la nne: Je, baba yako alilazimishwa kulima matuta? La saba: Je, baba yako aliwahi kutozwa faini? La tisa: Je, wazee wa kijiji walifanya mikutano gani kupinga?

"Unaniuliza baba, baba, baba," akasema. "Baba alikuwa chini, kwenye mkonge. Alikuja sikukuu. Jembe alishika nani?"

Nieleze kidogo jinsi nilivyokuwa nimeuandika Mpango huo. Ulianza Mlalo mwaka 1946, ukapanuliwa kwa Usambara nzima mwaka 1950. Maofisa waliona udongo unateremka na mvua, na hawakukosea. Udongo ulikuwa unateremka kweli. Dawa yao ilikuwa sheria: kila shamba la mteremko lilimwe matuta yanayokata mlima, yaliyofungwa kwa vizuizi ili maji yasimame. Asiyelima alishtakiwa. Watu walichukia, TANU ikaipokea hasira hiyo, na mwaka 1957 serikali ikaacha. Katika sura yangu ya tatu wahusika wanaitwa "wakulima". Wakulima walikataa, wakulima walihofia kupoteza ardhi. Niliandika pia, kwa fahari ya mtu aliyejifunza maneno mapya, kuhusu kuzifya shi na kubana shi, kuiponya nchi na kuiharibu, na jinsi Wasambaa walivyompima mtawala kwa mvua na chakula: chini yake nchi inapona, au inaharibika? Yote hayo ni kweli. Lakini sura ya kwanza ilikuwa imekwisha kusema kwamba tangu enzi ya kadi wanaume walikuwa wanateremshwa kwenda kwenye kazi za wengine, na sikuwa nimejiuliza, hata kwa mstari mmoja, nani basi alibaki juu na shamba. Kilimo cha chakula kilikuwa mikononi mwa wanawake kwa sehemu kubwa. Sheria ya matuta ilikuwa sheria ya migongo yao.

Kesho yake bibi alitupeleka shambani, anatembea na fimbo kwenye njia ambayo mimi nilishuka kwa makalio. Alimpa mjukuu wake jembe akamwambia alime tuta moja kama la zamani. Mume wangu aliyepanda kutoka Mombo alilima hatua kama nne, akasimama kupumua. Bibi akaonyesha kwa fimbo upana wa shamba la mama yake: mpaka ule mgomba, mpaka lile jiwe.

Alisimulia kwamba wakati huo alikuwa msichana ambaye karibu angeposwa. Bwana shamba alipita na fimbo yake ya kupimia. Mama yake alilima matuta mazuri sana kwenye sehemu inayoonekana kutoka njiani, na ndani, nyuma ya migomba, akapanda mahindi na maharage kama kawaida, kwa kuwa juu ya matuta mahindi yalikuwa machache na watoto walikuwa sita. Mwaka mmoja bwana shamba alizunguka nyuma. Faini ililipwa kwa mbuzi. Baba aliporudi sikukuu hakumkuta mbuzi, akauliza, ukatokea ugomvi wa nyumbani ambao bibi aliukumbuka vizuri kuliko jambo lolote kuhusu TANU.

Niliandika hadi kidole kikauma. Hakuna faili nililosoma lenye ugomvi huo.

Jambo lililonishangaza ni kwamba shamba lile leo lina matuta. Yamepandwa majani ya guatemala, safu kwa safu, yanashika udongo. Yalikuja na mradi wa hifadhi ya udongo uliofadhiliwa na Wajerumani, ulioanza Lushoto 1981. Nilidhani nimemnasa. Nikamuuliza, bibi, mbona haya uliyakubali?

Alinitazama kama mtu anayemhurumia mume wangu. "Haya anakula ng'ombe," akasema, akakata majani mkono mmoja akanipa nibebe.

Tulikaa siku nne badala ya mbili. Dodoso nililichana, na mtoto wa darasa la sita akapewa kurasa za nyuma afanyie hesabu. Mimi na bibi tulizungumza jikoni, tukimenya viazi, na alikuwa na maswali yake pia: baiskeli inabeba kilo ngapi, mshahara wa msomi ni kiasi gani, na kwa nini bado hatuna mtoto. La mwisho mume wangu alilijibu yeye mwenyewe kwa Kisambaa, na hadi leo hajanitafsiria.

Siku ya kuondoka alishaamua baiskeli zinabeba kilo kumi na tano. Alifunga viroba viwili vya viazi juu ya keria zetu kwa kamba ya katani, akavivuta kuona kama vimekaza, akavuta tena. Mabegi tukavaa mgongoni. Hatukuthubutu kukataa. Tuliteremka Usambara nzima tumebana breki, uzito ukitusukuma kwa nyuma, na tulipofika Soni raba za breki za nyuma zilikuwa zimekwisha. Fundi aliyetubadilishia alikataa pesa, akachukua viazi.

Kwenye lile jiwe la kilometa ya tisa hatukusimama. Tusingeweza hata kama tungetaka.