Ukienda Unguja, ulale nyumba gani?

Ndugu zangu wa Mabamba, kule Kibondo mpakani na Burundi, wakipanga safari ya Unguja huniuliza swali moja tu: gesti ya bei nafuu iko wapi? Mimi huwajibu, kabla ya bei ulizeni nyumba yenyewe ilikuwa ya nani.

Mji Mkongwe uliingia kwenye orodha ya UNESCO ya urithi wa dunia mwaka 2000, na hoteli zake nyingi ni majumba ya zamani. Africa House pale Shangani ilikuwa klabu ya Waingereza enzi za ukoloni. Hatua chache kutoka hapo ipo nyumba ya Tippu Tip, mfanyabiashara wa pembe za ndovu na watumwa, aliyefariki 1905.

Sasa njoo Mkunazini. Hosteli ya St. Monica's ipo jirani kabisa na Kanisa la Anglikana, lililojengwa penye soko la watumwa. Soko hilo lilifungwa 1873, Sultani Barghash aliposaini mkataba na Waingereza. Wengi waliouzwa pale walitoka upande wa Ziwa Nyasa kupitia Kilwa. Wengine walitoka ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, wakapitishwa Ujiji, Tabora hadi Bagamoyo, kama kilomita 1,200 kwa miguu.

Shangani jua likizama panapendeza, sikatai. Lakini mimi nachagua Mkunazini. Ujiji ni Kigoma, jamani. Njia ile ilipita kwetu.