Mwidhiniwa: Istilahi ya Mwenye Kuendesha Shughuli kwa Jina la Mwingine

Katika mji wa Arusha, ambamo watumishi wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, majaji na makarani wa Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, wafanyabiashara wa utalii na wa vito, na wageni wa mataifa mengi hukutana mchana kwa kazi na jioni wakaachana bila kujuana, biashara ya kuwakutanisha watu kwa ada ina nafasi kubwa: mwanachama hulipa, naye hualikwa karamuni, matembezini, kwenye dansi na mazungumzo. Iwapo biashara ya namna hii ina asili yake ng'ambo, yenye jina na kanuni zake, kisha mtu wa hapa akaruhusiwa kuiendesha kwa jina lilo hilo, Waingereza humwita mtu huyo licensee. Na muradi wa makala haya ni kueleza yeye ni nani hasa, na jina gani la Kiswahili litamstahili.

Wengi humwita wakala. Neno hili ni zuri, walakini wakala hufunga mapatano kwa niaba ya aliyemtuma, na ahadi anayoitoa humfunga aliyemtuma, ilhali huyu wetu hufanya yote kwa nafsi yake: ukumbi anakodi yeye, wapishi anawalipa yeye, na mvua ya masika ikiwazuia wageni wasifike, hasara ni yake peke yake, na mwenye jina huko aliko hudai haki yake vilevile. Wengine humwita mbia. Lakini mbia hugawana na mwenziwe faida na hasara pia, na huyu hana wa kugawana naye hasara. Ama wanaosema mwenye leseni, hao humchanganya na dereva, au na mwenye duka aliyetundika ukutani karatasi ya halmashauri. Na leseni hizo hutolewa na serikali kwa kila aliyetimiza masharti, hali ruhusa tunayoizungumza hutolewa na mtu kwa mtu, kwa hiari yake, naye aweza kuikataza asiulizwe sababu.

Watu wa pwani wanalo neno ijaza, nalo ni ruhusa apewayo mwanafunzi na shekhe wake asomeshe kitabu alichokisoma kwake, au apewayo khalifa aongoze dhikiri ya tarika, kama Sheikh Uways wa Barawa alivyowapa makhalifa wake Unguja mwishoni mwa karne ya 19. Maana yake i karibu sana na tuitafutayo, kwani mwenye ijaza hakimiliki kitabu wala hana mamlaka ya kukigeuza. Lakini ijaza haiuzwi, na si adabu neno la elimu na ibada kulishusha sokoni. Kwa hiyo nashauri tushike neno idhini: mtoaji awe mwidhini, mpewa awe mwidhiniwa, waraka wao uwe hati ya idhini, na fungu la mapato analolipwa mwidhini liwe mrabaha, neno ambalo wachimbaji wa tanzaniti wa Mererani hawahitaji kufasiriwa. Nalipenda mwidhiniwa kwa sababu limo katika hali ya kutendwa, hata kila alisikiaye atambue kwamba yupo mwingine aliyetoa, na ambaye aweza kuondoa.

Mfano wa idhini una historia chini ya Mlima Meru wenyewe. Juni 2007 mkutano wa hotuba wa TEDGlobal ulifanyika Ngurdoto, karibu na Usa River, na hapo ndipo kijana wa Malawi, William Kamkwamba, aliyejenga kinu cha upepo kwa vyuma chakavu, alipopandishwa jukwaani akahojiwa. Mkutano ule uliandaliwa na wenye jina la TED wenyewe. Lakini mwaka 2009 walianzisha TEDx, ambapo mtu wa mji wowote aweza kuomba idhini ya kuandaa mkutano wake kwa masharti yaliyoandikwa, miongoni mwayo kwamba idhini haihamishwi kwa mwingine, na hotuba isizidi dakika 18. Idhini ile hutolewa bure. Ya biashara ya uanachama hununuliwa, na kwa hiyo yafaa isomwe kwa makini zaidi.

La kwanza ni jina. Umaarufu wa jina huko ng'ambo si ushahidi kwamba limesajiliwa hapa, basi mwidhiniwa na aulize BRELA, wasajili wa biashara, kama limeandikishwa kwa Sheria ya Alama za Biashara na Huduma ya 1986. La pili ni eneo. Hati ikisema Arusha tu, imekusudia Jiji, au na Ngaramtoni iliyo chini ya Halmashauri ya Wilaya ya Arusha, au pia Tengeru na Usa River zilizo chini ya Halmashauri ya Meru? Mipaka isipotajwa, mwidhiniwa wa pili aweza kuwekwa umbali wa mwendo wa daladala. La tatu ni mrabaha, ambao mlipaji hupaswa kuukata kodi ya zuio ya asilimia 15 na kuipeleka Mamlaka ya Mapato (TRA). Hati isipoeleza ni nani anayebeba kodi hiyo, mwidhini atadai fungu lake kamili. La nne ni kanuni, kwa maana kitabu kilichoandikwa kwa miji ya mbali hakijui kwamba wanachama wanaopanda Mlima Meru kutoka lango la Momella hulipa kiingilio cha hifadhi na hufuatana na askari mwenye bunduki kwa ajili ya nyati. Basi ruhusa ya kuzirekebisha kanuni iombwe mapema na iandikwe.

La mwisho, nalo ndilo kubwa, ni daftari la wanachama. Waliotoa majina na namba zao walimwamini mtu waliyemwona Arusha, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 humdai dhamana kila azikusanyaye na kuzitumia. Mwidhini akiondoa idhini, jina hurudi kwake, na hiyo ni haki. Bali daftari litabaki kwa nani, na kwa ridhaa ya wanachama gani, ni swali ambalo mwidhiniwa sharti alipatie jibu kwa maandishi kabla ya kutia sahihi, kwa kuwa jina ameazimwa, lakini imani ya watu aliichuma mwenyewe.