Msamba, Chango na Mkono wa Mkunga: Historia ya Lugha na Tiba ya Maumivu ya Nyonga, kwa Kuangazia Kisiwa cha Vamizi

Ikisiri

Maumivu ya muda mrefu ya nyonga, pamoja na kulegea au kukakamaa kwa misuli inayobeba kibofu, kizazi na utumbo wa mwisho, ni matatizo yanayojadiliwa sana katika tiba ya kisasa, ikiwemo tiba ya mikono iitwayo osteopathi. Katika Kiswahili, mjadala huu huchukuliwa kuwa mpya, na istilahi zake hutafutwa kwa kutafsiri lugha za Ulaya neno kwa neno. Makala hii inaonesha kwamba pwani ya Waswahili, hadi kisiwa cha Vamizi katika mkoa wa Cabo Delgado nchini Msumbiji, ina historia ndefu ya maneno na matendo yanayohusu eneo hilo la mwili. Inadaiwa kuwa kuipuuza historia hiyo kuna gharama, na kwamba gharama hiyo hulipwa na mgonjwa.

1.0 Utangulizi

Vamizi ni kisiwa chembamba kilichopo kaskazini mwa funguvisiwa la Quirimbas, katika wilaya ya Palma, si mbali na mpaka wa Tanzania. Lugha ya asili ya pwani hiyo ni Kimwani, jina linalotokana na neno lenye maana ya pwani. Wanaisimu wametofautiana: wapo wanaokihesabu Kimwani kuwa lahaja ya Kiswahili, na wapo wanaokitenga kuwa lugha ndugu iliyoathiriwa kwa kina na lugha za bonde la Ruvuma. Vyovyote iwavyo, biashara ya majahazi, dini ya Kiislamu na uvuvi vimewaunganisha watu wa visiwa hivi na Mtwara, Kilwa na Unguja kwa karne nyingi. Pamoja na bidhaa, vyombo hivyo vilisafirisha dawa, mafuta ya kuchulia na ujuzi wa wakunga.

Kwa mwanamke wa kisiwani, uzazi unaokwama ni suala la bahari kabla ya kuwa suala la hospitali. Kufika bara kunategemea chombo, maji kujaa au kupwa, na upepo wa kusi au kaskazi. Saa zinazopotea njiani ndizo zinazozaa majeraha ya nyonga yanayodumu maisha yote. Kwa hiyo Vamizi inafaa kuwa mahali pa kuulizia swali lenye sura mbili: watu wa pwani wameyaitaje maumivu haya, na dola zilizopita zimeyasikiaje majina hayo?

2.0 Maneno ya mwili kabla ya hospitali

Kiswahili kina msamiati wa kutosha wa eneo la nyonga. Kiuno, nyonga, kinena na kifandugu ni maneno ya kila siku. Lipo pia neno msamba, linalotaja sehemu ya chini kabisa ya kiwiliwili, katikati ya mapaja. Mzazi husema amechanika msamba. Mchezaji ngoma hupiga msamba. Misuli ambayo wataalamu wa leo huieleza kuwa imetandazwa kama chandarua kutoka kinena hadi kifandugu, kwa hakika ndiyo misuli ya msamba. Hata hivyo, baadhi ya maandishi ya afya yameanza kutumia tafsiri ya moja kwa moja, "sakafu ya nyonga". Sakafu ni kitu kigumu kisichotikisika, ilhali misuli hii hupanda na kushuka kwa kila pumzi, hukaza na kulegea. Tafsiri hiyo inaacha neno lililopo na kuleta picha inayompotosha anayefundishwa.

Majina ya maradhi yana historia tata zaidi. Neno chango, au mchango, hutaja minyoo na pia utumbo. Katika matumizi ya waganga na wakunga, chango la uzazi hutaja maumivu ya chini ya kitovu yanayomwandama mwanamke wakati wa hedhi, katika tendo la ndoa au anapokosa kushika mimba. Kwa upande wa wanaume, ngiri hospitalini humaanisha utumbo kuchomoza kupitia uwazi katika misuli, lakini mitaani hutaja pia maumivu ya kinena, ya korodani na kupungua kwa nguvu za kiume. Majina haya hayalingani na ugonjwa mmoja wa kitabibu. Yanataja eneo, mwendo wa maumivu na athari zake katika ndoa na uzazi, yaani mambo yale yale ambayo daktari makini wa maumivu sugu ya nyonga hulazimika kuyauliza.

Matendo nayo yalikuwa na majina yake. Baada ya kujifungua, mzazi hukandwa kwa maji ya moto, huchuliwa kwa mafuta, na tumbo lake hufungwa kwa kitambaa kiitwacho mkaja. Mantiki ya matendo haya ilikutana na elimu ya tabia nne iliyoenea pwani kupitia tiba ya Kiislamu: uzazi huuacha mwili na ubaridi, hivyo joto na viungo vya ukali hurudisha mizani. Jamii iliuthamini mkaja kiasi kwamba neno hilo likawa pia jina la zawadi anayopewa mama wa bibi harusi. Ni ishara kwamba maumivu ya kiuno cha mama yalitambuliwa hadharani kuwa deni la kulipwa. Desturi za uzazi za pwani ziliandikwa mapema kwa Kiswahili chenyewe. Kitabu cha Desturi za Wasuaheli, kilichotokana hasa na maandishi ya Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo na kuchapishwa na Carl Velten nchini Ujerumani mwaka 1903, kinayaweka malezi ya mimba na uzazi miongoni mwa mambo ya kwanza kuelezwa.

3.0 Mkono katika historia ya tiba ya Magharibi

Mara nyingi mkono wa mkunga hulinganishwa na sayansi ya Magharibi kana kwamba sayansi hiyo haikuwahi kutumia mikono. Historia inasema vingine. Nchini Uswidi, katika miaka ya 1860, Thure Brandt, aliyekuwa ofisa wa jeshi, alianza kutibu kizazi kilichoshuka na maumivu ya nyonga kwa kuchua na kwa mazoezi. Njia yake ilienea Ulaya, ikapingwa, kisha ikafifia upasuaji ulipopata nguvu.

Nchini Marekani, Andrew Taylor Still, tabibu aliyepoteza imani katika dawa kali za zama zake, alitangaza mwaka 1874 misingi ya kile alichokiita osteopathi. Awali alijitangaza kuwa muunga mifupa, kazi inayofahamika vyema Afrika Mashariki. Mwaka 1892 alifungua chuo huko Kirksville, Missouri, na wanawake walikuwamo katika darasa la kwanza. Hoja yake kuu ilikuwa kwamba umbo la mwili na utendaji wake havitengani: kiungo kilichobanwa huzuia mwendo wa damu na kazi ya neva, na mkono uliofunzwa unaweza kuufungua mwendo huo. Kwa maumivu ya nyonga, wafuasi wake huchunguza kiuno, kifandugu, kiwambo cha upumuaji na msamba kama mfumo mmoja.

Mwaka 1948, Arnold Kegel, daktari wa wanawake nchini Marekani, alichapisha maelezo ya mazoezi ya kuimarisha misuli ya msamba baada ya uzazi. Mazoezi hayo leo yana ushahidi imara katika kutibu kushindwa kuzuia mkojo. Ushahidi wa osteopathi katika maumivu sugu ya nyonga bado ni haba, na haistahili kunadiwa kuwa tiba ya kila kitu. Mchango wake mkubwa wa kifikra, ambao tiba ya viungo nayo inaushiriki, ni kutofautisha msamba uliolegea na msamba uliokakamaa. Aliyekakamaa akiambiwa akaze zaidi, huzidishiwa maumivu. Anahitaji kufundishwa kulegeza. Mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani lilitoa vigezo vya mafunzo ya osteopathi. Hivyo, ujuzi wa mikono ulioanzia nje ya vyuo vikuu ulipewa mtaala na mipaka.

4.0 Dola na mkono wa mkunga katika Cabo Delgado

Mkunga wa pwani ya kaskazini mwa Msumbiji hakupata njia hiyo. Kuanzia mwaka 1891 hadi 1929 eneo lake lilitawaliwa na Kampuni ya Niassa, iliyopewa hati na Ureno na iliyojali zaidi kodi na nguvukazi kuliko afya. Utawala wa moja kwa moja wa Ureno uliofuata uliitambua lugha moja tu, Kireno. Ujuzi uliosemwa kwa Kimwani, Kimakonde au Kimakua haukuwa na pa kuandikwa isipokuwa katika fungu la mila.

Baada ya uhuru wa tarehe 25 Juni 1975, serikali ya FRELIMO ilitaifisha huduma za afya na kuzipeleka vijijini kwa kasi iliyosifiwa duniani. Papo hapo iliwashutumu waganga kuwa ni mabaki ya ujinga wa kale. Azimio la Alma-Ata la mwaka 1978 lilitaja watoa tiba wa jadi miongoni mwa wanaoweza kushirikishwa katika afya ya msingi, lakini nchini Msumbiji uhusiano ulianza kulainika hasa katika miaka ya 1990, baada ya vita vya ndani kumalizika. Tanzania ilichukua njia tofauti: kitengo cha utafiti wa dawa za asili kilianzishwa Muhimbili mwaka 1974, na Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ilipitishwa mwaka 2002. Hata hivyo, katika nchi zote mbili utafiti umeyapa majani na mizizi uzito kuliko mikono. Dawa huweza kupimwa maabara. Namna ya kukanda hupotea na mwenye nayo.

Tofauti hii isigeuzwe kuwa sifa tupu kwa jadi. Kuubonyeza kwa nguvu mfuko wa uzazi wa mjamzito kunaweza kudhuru mama na mtoto, na kumtibu kwa mikono mwenye uchungu uliokwama ni kumpotezea saa za kuokolewa. Suala ni kutenganisha lenye faida na lenye madhara, na kazi hiyo haiwezekani bila kujua kila tendo linaitwaje na hufanywa lini.

5.0 Fistula: jeraha lililopata jina

Historia ya fistula ya uzazi inaonesha nguvu ya jina. Upasuaji wake wa kisasa ulianza kwa dhuluma: katika miaka ya 1840, huko Alabama, J. Marion Sims aliwapasua mara kwa mara wanawake watumwa, wakiwemo Anarcha, Lucy na Betsey, bila ganzi. Afrika Mashariki ikaja kuwa kitovu cha tiba hiyo. Reginald na Catherine Hamlin walifika Addis Ababa mwaka 1959 na kufungua hospitali ya fistula mwaka 1974. Huko Bukavu, Hospitali ya Panzi iliyoanzishwa mwaka 1999 na Denis Mukwege iliongeza somo jingine: nyonga hujeruhiwa na uzazi, na pia hujeruhiwa na vita. Msumbiji nayo ilianza mwaka 1984 kuwafunza mafundi wa upasuaji wasio madaktari, ambao wamekuwa nguzo ya upasuaji wa uzazi wilayani.

Neno fistula limeingia Kiswahili na kubeba kampeni, bajeti na siku ya kimataifa, tarehe 23 Mei. Lakini mwanamke ambaye tundu lake limezibwa, na ambaye bado anaumwa au hawezi kuzuia mkojo, hana jina katika ripoti. Akisema ana chango, mhudumu asiyeijua maana ya pili anaweza kumpa dawa ya minyoo. Akinyamaza, anahesabiwa kuwa amepona.

6.0 Vita, visiwa na istilahi

Hali hii imekuwa nzito zaidi tangu mashambulizi ya Mocímboa da Praia ya Oktoba 2017. Mwezi Aprili 2019 Kimbunga Kenneth kiliipiga Cabo Delgado. Septemba 2020 wapiganaji walifika Vamizi yenyewe. Nyumba zilichomwa na wakazi wakakimbia. Machi 2021 ikafuata Palma. Mwaka huo waliohamishwa na vita mkoani walizidi 700,000. Wakunga walitawanyika pamoja na wateja wao, na minyororo ya kurithishana ujuzi ikakatika. Makambini, mwanamke wa kisiwani hukutana na huduma ambayo lugha yake rasmi ni Kireno, akieleza maumivu ambayo hata kwa lugha yake huyasema kwa mafumbo.

Agosti 2019, Jumuiya ya Maendeleo ya Kusini mwa Afrika, ambayo Msumbiji ni mwanachama wake, ilikifanya Kiswahili kuwa lugha yake rasmi ya nne. Uamuzi huo utabaki heshima ya mikutanoni usipofika katika chumba cha uchunguzi. Mambo matatu yanawezekana. Kwanza, istilahi za afya ya nyonga zianzie kwenye maneno yaliyo hai: misuli ya msamba, msamba uliolegea, msamba uliokakamaa, kizazi kilichoshuka. Pili, wahudumu wafundishwe kuuliza anayetaja chango au ngiri: panauma wapi, lini, na panazuia nini? Tatu, wakunga waliohamishwa wahojiwe kwa lugha zao, na matendo yao yaandikwe pamoja na majina yake, kisha yapimwe na wataalamu wa tiba ya viungo na uzazi.

7.0 Hitimisho

Muunga mifupa wa Missouri alipata chuo, mtaala na hatimaye vigezo vya kimataifa. Mkunga wa pwani ya Quirimbas, aliyegusa mwili ule ule kwa swali lile lile, hakupata hata mwandishi. Tofauti baina yao haikuamuliwa na ubora wa mikono peke yake; iliamuliwa pia na nani aliandika, kwa lugha gani, na dola gani ilisoma. Ujuzi usioandikwa hauwezi kusahihishwa, na kosa lake hurithiwa pamoja na faida yake. Watafiti wa Kiswahili wana zamu katika kazi hii, kwa sababu maumivu yasiyo na jina linaloeleweka hayapangiwi dawa, muuguzi wala bajeti.