Kikohozi au Kukohoa? Asili ya Istilahi Moja ya Dawa za Usingizi

Istilahi za tiba aghalabu hubeba historia ndani yake, na mfasiri asiyeijua historia hiyo aweza kumpotosha tabibu. Katika makala haya tunakusudia kuchunguza kukohoa kunakowashika baadhi ya wagonjwa mara tu wachomwapo fentanili mshipani kabla ya upasuaji.

Asili ya jamii ya dawa hizi ni afyuni. Mwanzoni mwa karne ya 19, Mjerumani Sertürner alitenga mofini kutoka katika utomvu huo. Mwaka 1832 Mfaransa Robiquet alitenga kodeini, ambayo baadaye ilienea kama dawa ya kutuliza kikohozi. Fentanili haitokani na mmea. Iliundwa katika maabara ya Mbelgiji Paul Janssen karibu na mwaka 1960.

Hapo ndipo palipozuka kinyume: ndugu ya dawa itulizayo kikohozi yenyewe huwakohoza watu. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 majarida ya taaluma ya usingizi yalilieleza jambo hili. Mara nyingi kukohoa huko hukoma kwenyewe. Hata hivyo, huongeza shinikizo ndani ya fuvu, jicho na tumbo, na kwa mwenye jeraha la jicho au uvimbe ubongoni hilo si jambo dogo.

Njia za kuzuia ni kuichoma dawa polepole, kuizimua, kutanguliza kipimo kidogo sana, au kutanguliza lidokaini, dawa ya ganzi iliyoundwa Uswidi mwaka 1943. Zote huanza kabla mgonjwa hajakohoa.

Sasa, mfasiri akiandika "kutuliza kikohozi", msomaji ataelewa ugonjwa uliokwisha kuingia, naye ataitafuta chupa ya dawa ya kikohozi, ambayo huenda ikawa na kodeini. Katika Kiswahili kikohozi ni maradhi. Kukohoa ni kitendo. Aidha, kutuliza huhusu lililokwisha kuanza, na kuzuia huhusu lisilotokea bado.

Kwa hiyo twapendekeza "kuzuia kukohoa kwa sindano ya afyuni-unde". Neno hilo "unde" laonyesha kuwa dawa imeundwa na binadamu. Neno "kasumba" twaliepuka, ijapokuwa nalo lina maana ya afyuni, kwa kuwa siku hizi lawapeleka wasomaji wengi kwenye mawazo potofu ya kikoloni. Katika chumba cha upasuaji, neno lenye maana mbili ni hatari.