Mlango wa Mpangaji: Historia ya Kodi Isiyolipwa

Mwezi uliopita msimamizi wa vyumba vyangu vinne vya kupangisha huko Ruiru alinipigia simu usiku. Mpangaji wa chumba cha tatu alikuwa na malimbikizo ya miezi mitatu, shilingi 9,000 kila mwezi. "Daktari," aliniambia, "nimeshaongea na fundi. Kesho asubuhi tunang'oa mlango. Utaona kama hatahama."

Nilimkataza, wala sidai kwamba nilifanya hivyo kwa wema. Nilikumbuka mlango mwingine. Mwaka 2003, nikiwa mwanafunzi wa shahada ya kwanza, nilipanga chumba cha mabati mashariki mwa Nairobi. Jirani yangu, mama wa watoto wawili, alichelewesha kodi kwa wiki tatu. Jioni moja tulirudi tukakuta mlango wake umechukuliwa. Alilala pale siku mbili akiwa ametundika leso mlangoni, kisha akaondoka na wanawe. Hakuna mpangaji hata mmoja aliyeuliza iwapo jambo lile lilikuwa halali. Mimi, msomi mtarajiwa, sikuuliza pia.

Nauliza leo nikiwa upande wa pili wa daftari la kodi, na jibu lina historia ndefu kuliko nilivyodhani.

Sheria ya upangaji tuliyorithi kutoka kwa Waingereza ilimpendelea mno mwenye nyumba. Bunge lao liliidhinisha mwaka 1689 kwamba mali ya mpangaji mwenye deni iliyokamatwa iweze kuuzwa ili kufidia kodi. Kukamata huko hakukuhitaji hukumu ya hakimu: mdai alikuwa ndiye mwamuzi. Sheria yetu ya kukamata mali kwa ajili ya kodi, Sura ya 293, ni mjukuu wa utaratibu huo, na ingali hai. Waingereza wenyewe waliufuta mwaka 2014 kwa nyumba za kuishi. Hii si mara ya kwanza kwetu kutunza koti ambalo mwenyewe amekwisha kulitupa.

Basi mahakama iliingiaje kati ya mwenye nyumba na mpangaji? Hapo hatuna budi kwenda Glasgow, mji wa viwanda vya meli huko Uskoti, mwaka 1915. Vita vikuu vilikuwa vimepamba moto. Maelfu ya wafanyakazi walimiminika katika viwanda vya meli na silaha, vyumba vikawa haba, na wenye nyumba wakapandisha kodi ilhali waume wengi walikuwa vitani. Wanawake wa mtaa wa Govan, wakiongozwa na Mary Barbour, waligoma kulipa nyongeza. Walipowaona maofisa wa mahakama wakija kumtoa mtu, walipiga kengele, wakajaa kwenye ngazi na kuwarushia unga. Kufikia Novemba, wapangaji wapatao 20,000 walikuwa katika mgomo huo.

Tarehe 17 Novemba 1915 wapangaji 18 walifikishwa mahakamani kwa kosa la kutolipa. Maelfu ya watu waliandamana hadi mahakamani, na kesi ikaondolewa. Kabla ya mwaka kwisha, Bunge la London lilipitisha sheria iliyorudisha kodi katika kiwango cha Agosti 1914 na, jambo lililo muhimu zaidi kwetu, iliyozuia mahakama kutoa amri ya kumwondoa mpangaji maadamu analipa kodi yake, isipokuwa kwa sababu chache zilizotajwa.

Msomaji aone kilichotendeka hapo. Sheria haikusema kwamba asiyelipa asiguswe. Deni la kodi lilibaki kuwa sababu halali ya kumtoa mtu, ila sasa mwenye nyumba alipaswa kulithibitisha mbele ya mtu mwingine.

Vita vya pili vilipozuka, fikra hiyo ilifika kwetu. Mwaka 1939 wafanyakazi wa Mombasa walikuwa wamegoma, na gharama ya makazi ilikuwa miongoni mwa vilio vyao vikuu. Mwaka 1940 serikali ya kikoloni ilitunga sheria ya kuzuia ongezeko la kodi iliyofuata muundo wa ile ya Uingereza. Kutoka ukoo huo ndipo ilipotoka Sheria ya Kudhibiti Kodi ya mwaka 1959, yaani Sura ya 296. Chini yake, kodi isiyolipwa ni sababu ya kurejesha nyumba, lakini Baraza la Kodi lazima liridhike pia kwamba ni jambo la busara kutoa amri hiyo. Mwenye nyumba anayemsumbua mpangaji kwa makusudi ili ahame anatenda jinai.

Baada ya uhuru, Sura ya 301 ya mwaka 1965 ilitoa kinga ya aina hiyo kwa wapangaji wa maduka na hoteli. Huko mwenye jengo hutoa notisi ya miezi miwili kwa fomu maalumu, akitaja sababu, kwa mfano kodi iliyochelewa miezi miwili. Mpangaji akipeleka pingamizi barazani kwa wakati, notisi husimama hadi shauri liamuliwe.

Mama yule wa mwaka 2003, kwa kodi aliyolipa, huenda alikuwa chini ya Sura ya 296. Mpangaji wangu hayumo. Sheria hiyo inazihusu nyumba ambazo kodi yake ya msingi haizidi shilingi 2,500 kwa mwezi, kwa kipimo cha tarehe 1 Januari 1981. Ni wangapi leo wanaoishi Nairobi kwa kodi hiyo? Ukuta ulijengwa vizuri, kisha mji ukahamia nje yake. Muswada wa mwaka 2021 ulikusudia kuunganisha sheria hizi kuukuu, na bado tunazitumia zile zile.

Aliye nje ya ukuta huo hakuachwa uchi, hata hivyo. Sheria ya Ardhi ya mwaka 2012 inanitaka nimpe notisi ya maandishi inayotaja kosa, na muda usiopungua siku 30 wa kulirekebisha. Asipolipa wala kuhama, naenda mahakamani, na mahakama yaweza kumpa nafuu. Aidha, nikipokea kodi ya mwezi unaofuata baada ya hapo kana kwamba hapakuwa na neno, naweza kuhesabiwa kuwa nimelisamehe kosa. Wenye nyumba wengi hujikwaa hapo.

Mwaka 2020, janga la korona lilipofunga kazi za watu, vyombo vya habari viliripoti wenye nyumba walioezua mabati juu ya vichwa vya wapangaji. Katiba ilikuwa na umri wa miaka kumi, na Ibara ya 43 ndani yake.

Msimamizi wangu hakupendezwa. Alinieleza kwamba siku 30 ni shilingi 9,000 nyingine, na mkopo wa benki uliojenga vyumba vile haungoji notisi ya mtu. Amesema kweli. Niliandika barua hata hivyo, nikataja shilingi 27,000, nikaipeleka mwenyewe Jumamosi. Mpangaji ni kijana aliyeachishwa kazi kiwandani. Aliisoma akiwa amesimama, akaniuliza kama anaweza kulipa kidogo kidogo. Nilimwambia aniandikie pendekezo lake. Siku zimebaki 11, na bado sijapokea barua.