Sheria na Mashine za Baa

Kutoka Pande hadi Kilwa Masoko, kwenye pwani ya kusini mwa Tanzania, mtu hatapata kasino ya meza na karata. Kamari hapa ni ya simu na ya mashine ya sloti ukutani mwa baa, inayomeza sarafu za shilingi 200. Sura hiyo imechongwa na sheria.

Baada ya uhuru, sheria ya 1967 ilisimamia bahati nasibu na ubashiri wa mechi. Ya 1974 ikaweka Bahati Nasibu ya Taifa. Zote zilifutwa na Sheria ya Michezo ya Kubahatisha ya 2003, iliyounda Bodi ya kutoa leseni.

Kila mchezo una leseni yake: kasino, ukumbi wa mashine zisizozidi 40, mashine zinazosambazwa kwenye baa, ubashiri, mtandao. Kasino hudai mtaji mkubwa na wageni wenye fedha, hivyo hukaa mijini. Leseni ya mashine za baa ndiyo humfikia mvuvi wa pwani hii.

Walio chini ya miaka 18 hawaruhusiwi kucheza. Katazo hilo ni la haki kabisa, na lastahili kusimamiwa kwa ukali zaidi vijijini, ambako mkaguzi ni nadra na mashine i karibu na njia ya shule.